Kwa Vyombo Vitatu Vyovyote

Tulimzika Yustina Jumamosi, na kwaya iliimba vizuri mno, kwa kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe, hata nikaona aibu kugundua kwamba nalia huku mguu wangu unafuata mdundo. Baada ya maziko mjukuu wake mmoja, binti msomi, alikuja kukaa karibu yangu na sahani ya wali, akaniuliza, "Bibi, eti ni kweli nyie na bibi yetu mliwahi kupiga muziki?" Nikamjibu ndiyo, mara moja. Kisha nikajisahihisha, maana mtu wa umri wangu hapaswi kudanganya msibani: mara mbili, siku moja, muziki uleule. Alisubiri niendelee, nikashindwa. Magoti yaliniuma, jua lilikuwa kali, na mambo yenyewe si ya kusimulia huku mnatafuna nyama. Kati ya sisi wanne wa muziki ule nimebaki mimi, sijui kwa sifa gani. Nimeandika ili yule binti asome kwa wakati wake, na mimi nipumzike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Msimu uliotangulia mvua ilikuwa imekataa, watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya wakiwa na mabati yao kichwani, na sote tulikula unga wa njano wa msaada, ambao ukiusonga unanuka gunia na ukiumeza unabaki kooni. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi hapo Mpanda, jina langu Tekla. Nilipanga Kawajense, kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba viwili vilivyopakana, na ukuta wa kati haukufika juu. Fundi aliishiwa matofali, mwenye nyumba akaishiwa hamu. Upande wa pili aliishi Yustina, nesi wa hospitali, dada yangu kwa umri, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito iliyowafanya wageni waliopiga hodi wadhani kuna mwanamume ndani. Tulipika pamoja kwa sababu jiko moja la mkaa lilitosha sufuria mbili zikisubiriana. Migebuka ya kukaushwa ikifika kutoka ziwani tuliichemsha na nyanya. Isipofika tulikula kisamvu, na kisamvu, na kisamvu. Akitoka zamu alikaa kizingitini, akavua viatu, akaitazama miguu yake muda mrefu kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Sijapata kuona mtu anayechoka kwa utaratibu namna ile. Alichoka, akala, akaoga, akalala, akaamka, akaenda kuchoka tena.

Gaudensi tulimfahamu kila mtu kwa njia yake. Kwangu alikuwa afisa utamaduni wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Utamaduni kama walivyosema Bwana Shamba na Bwana Afya; nyumbani kwetu tulimwita Mwalimu, kwa usomi wake. Kwa Yustina alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, anayekuja kila asubuhi kuchomwa sindano huku ameuma ukosi wa shati. Alikuwa amesomea muziki ng'ambo, akarudi na koti zito lisilofaa Mpanda na mawazo ya namna hiyohiyo. Kazi aliyopewa ilikuwa kukusanya vikundi vya ngoma kila mgeni mkubwa akija, na aliifanya bila kulalamika, lakini pembeni alikuwa anaandika kitu chake. Alikuja shuleni kwetu siku moja akaniona nikiwaongoza watoto kuingia darasani kwa filimbi ya mbao, ile ndefu yenye matundu, ambayo masista walinifundisha. Akanisikiliza mpaka mtoto wa mwisho akaingia. Akaniuliza kama naweza kushika pumzi ndefu zaidi ya ile. Nilimwambia mwalimu wa darasa la watoto mia anaishi kwa pumzi ndefu.

Karatasi zake alizileta nyumbani kwetu jioni moja, akaziweka juu ya mkeka katikati ya sufuria na kandili. Alikunywa chai kwenye kikombe chake mwenyewe, cha bati, alichotembea nacho mfukoni mwa koti ili asimpe mtu kazi ya kuogopa. Mgeni wetu wa pili alikuwa Kasian, karani wa stesheni, mtu mnene mwenye kodiani, kile kinanda cha kuvutwa kifuani, aliyoinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao; hakuna harusi iliyokamilika Mpanda bila Kasian. Yustina alikuwa anakoroga mboga, hakuwa amealikwa kwenye muziki wowote. Aliinama tu, akasoma maandishi ya juu kwa ile sauti yake.

"Kwa vyombo vitatu vyovyote." Akanyanyua mwiko. "Vyovyote? Mwalimu, ndo watu wanavyoagiza mboga hivi?"

"Nikiandika fidla na vinubi nitavipata wapi, dada? Sokoni Ilembo?" Gaudensi alicheka, akakohoa, akageukia mlangoni mpaka kikohozi kikaisha. "Mi nimeandika watu watatu. Mtu wa kwanza, mtu wa pili, mtu wa tatu. Chombo kila mtu atajua mwenyewe."

"Na huyo wa tatu yuko wapi? Nawaona wawili."

"Anakoroga mboga."

"Sina chombo mimi."

"Una koo," alisema Gaudensi.

Alikuwa ameandika kwa nota za herufi, zile za kwaya, do re mi, kwa sababu sisi tulijua hizo tu. Lakini muziki wenyewe haukuwa wa kwaya. Haukuwa na maneno, haukuwa na kiitikio, haukuwa hata na mwendo wa kuhesabu. Mtu wa kwanza alitoa sauti moja, akanyamaza. Mtu wa pili alijibu kwa nyingine, mbali kidogo, akanyamaza. Mtu wa tatu alirudia so moja ya chini kila wenzake walipochoka. Baadaye, taratibu sana, zile sauti zilizotawanyika zilianza kusogeleana, mpaka mahali fulani wawili wananyamaza kabisa na mtu wa kwanza anapanda peke yake, hatua kwa hatua, hadi juu, kisha wote wanashuka pamoja. Na pale ambapo mwalimu wa kwaya angeandika "pumzika", yeye aliandika "sikiliza". Kasian alikwaruzana na neno hilo tangu siku ya kwanza.

"Mwalimu, hapa umeniandikia nisikilize mpaka Tekla amalize pumzi. Sasa akichelewa, mi nafanya nini?"

"Unasikiliza."

"Halafu?"

"Halafu unaendelea kusikiliza."

Kasian aliifunga kodiani taratibu, nayo ikatoa mlio kama wa mtu aliyekatishwa tamaa. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo ya shule, katikati ya majembe na magunia ya ule unga wa njano, chini ya bati lisilo na dari. Mvua, ambazo mwaka uliotangulia zilitukimbia, mwaka ule ziliamua kulipa kisasi. Zikianza, hakuna aliyesikia hata mawazo yake. Siku ambayo hakukuwa na mvua, treni ilikuwa imechelewa na Kasian amenasa stesheni. Siku ambayo Kasian alikuwepo, Yustina alibaki wodini. Gaudensi hakukasirika. Alikaa juu ya gunia, koti mabegani, akingoja, na akiona tuko wawili tu alisema haya, pigeni wawili, mimi nitamfikiria wa tatu. Miezi ikapita hivyo. Hatukuwahi, hata mara moja, kuupiga muziki ule watu wote watatu mpaka mwisho wake, na mimi sikuona kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa. Nilidhani tuna muda.

Jioni moja nilipokuwa nachambua maharage chumbani kwangu ndipo nilipojua hatuna. Gaudensi alikuja kwa Yustina. Mlango waliuacha wazi kama adabu inavyotaka, na ukuta wetu, nimeshasema, haukufika juu. Sikutega sikio. Maneno yenyewe yaliruka ukuta yakanikuta.

"Leo hukuja," alisema Yustina.

"Nilikuwa Mwese. Kazi."

"Juzi ulikuwa Mwese. Wiki iliyopita nzima Mwese. Na hiyo damu kwenye leso, umeinunua Mwese?"

Nilishika harage moja mkononi, sikuliangusha.

"Dada Yustina, kila ukinichoma, masikio yanapiga kelele kama nyenje. Yakinyamaza, kuna kitu kimepungua. Asubuhi simsikii jogoo. Namuona tu anafungua mdomo."

"Najua. Ni dawa. Kuna watu inawafanya hivyo. Daktari alikwambia."

"Aliniambia nichague."

"Hakusema uchague. Alisema uvumilie." Nilisikia kigoda kikisogezwa. "Kiziwi anakula, mwalimu. Kiziwi anazeeka. We unataka nikuache ufe unasikia vizuri?"

"Nataka nisikie kitu changu mara moja. Watu watatu, mpaka mwisho. Nimekiandika kichwani, sijawahi kukisikia nje ya kichwa. Subiri mashindano ya utamaduni yapite, mpige pale. Yakipita utanichoma hata kwenye ulimi."

"Na kifua kisiposubiri?"

Gaudensi alipotoka alipita mbele ya mlango wangu akanisalimia kwa heshima zote, na mimi nikamwitikia kwa uso wa mtu aliyekuwa anachambua maharage tu. Nilimkasirikia. Nilikuwa na umri ambao mtu hufikiri kufa ni uzembe. Leo umri wangu ni mara mbili ya ule wake na zaidi, ninaelewa jinsi mtu anavyoweza kubeba kitu ndani ya kichwa mpaka kikamlemea, na bado, nikisema kweli, ninamkasirikia kidogo. Yustina hakuniambia lolote usiku ule wala kesho yake. Alinipa sufuria, akaniambia chumvi imekwisha.

Mashindano ya utamaduni yaliyotajwa yalikuwa ya wilaya nzima, na kwa ratiba yalikuwa karibu. Yakaahirishwa. Mgeni wa kutoka Sumbawanga alikwama njiani, barabara ilikuwa imegeuka uji. Yakapangwa tena, yakaahirishwa tena, safari hii viongozi wote walikuwa kwenye shughuli za kuhamisha watu. Mara ya tatu uwanja ulikuwa umejaa magunia. Kila zikija habari za kuahirisha, Gaudensi alizipokea kwa kutikisa kichwa, na kila mara koti lile lilionekana kubwa zaidi. Yustina alianza kubeba sindano kwenye kopo, imefungwa kitambaa safi, mpaka kwenye stoo. Aliliweka kopo juu ya gunia mahali ambapo Gaudensi lazima alione. Halafu alisimama mahali pake na kuimba so yake ya chini, macho yake kwenye shingo ya yule mtu, pale mshipa unapoonekana. Mazoezi yakiisha, Gaudensi alitikisa kichwa kukataa, Yustina akalichukua kopo lake, tukarudi nyumbani. Watu niliowahi kuwadokezea habari hizi wameniuliza kama nilimpenda Gaudensi, au kama Yustina alimpenda. Hawajui tulivyokuwa tumechoka. Tulichotaka sisi wawili, kila mmoja kwa siri yake, ni mashindano yafike ili yule mtu arudi kuchomwa sindano.

Yakafika. Uwanja ulijaa asubuhi na mapema. Vikundi vya ngoma vilitoka pande zote, Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, na ndugu zetu Wasukuma waliofika na ng'ombe wao wakaona wabaki. Kando ya uwanja kulikuwa na mioto ya nyasi, kila kikundi na moto wake, maana ngoma ya ngozi iliyolala na unyevu haitoi sauti, lazima ipashwe. Mpigaji anaigeuza motoni, anaigonga mara moja, anasikiliza, anairudisha, anaigonga tena. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo: du. Kimya. Du, du. Kimya. Halafu kiongozi anaridhika, kikundi kinaingia uwanjani, na shughuli inaanza. Mwenyekiti wa kamati alikaa chini ya turubai, mzee mpole aliyevumilia mengi siku ile, na alikuwa anaipigia makofi kila ngoma kwa haki sawa. Gaudensi alikaa kwenye benchi la mbele kabisa, akitutazama. Alikuwa amenyoa. Alionekana kama mtu anayesubiri kubatizwa.

Tuliitwa karibu na mchana. Nilianza mimi: sauti moja ya filimbi. Kimya. Kasian akajibu kwa kodiani, sauti moja. Kimya. Yustina akaachia so yake. Watu walituangalia kidogo, kisha wakarudi kwenye maongezi yao na miwa yao. Sisi tukaendelea, na nakiri tulikuwa tunapiga vizuri. Zile sauti zilikuwa zinasogeleana kama zilivyoandikwa, mpaka tukafika pale ambapo wenzangu wanasikiliza na mimi napanda peke yangu. Nilipanda. Pumzi ilinitosha. Nilikuwa juu kabisa, nimefurahi, nilipoona Gaudensi amenyanyua mkono na kuupunga kwa kiganja, polepole, kwa upole: ingia, Tekla, ingia. Alidhani nimesahau kuingia. Kisha macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu, akaona vinatembea, na ule mkono ukarudi pajani. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama ile, na sikuweza kuacha kupiga. Tulishuka wote pamoja mpaka mwisho, watu watatu, mara ya kwanza, na mwenyewe alikuwa ameona nusu na kusikia nusu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alitungoja kidogo, akainama mbele, akasema kwa ukarimu kabisa:

"Haya, ndugu zangu. Kama vyombo vimeshapata moto, sasa anzeni."

Hakuwa anatudhihaki. Asubuhi nzima alikuwa amesikia watu wakigonga na kunyamaza, kugonga na kunyamaza, ndipo waanze. Kwa nini sisi tuwe tofauti? Kasian alianza kufungua mikanda ya kodiani. "Mi naenda zangu. Nina treni." Gaudensi hakuwa amesikia, alitutazama usoni mmoja mmoja, anatafuta, akiuliza kwa midomo amesemaje. Nilikuwa karibu kulia pale mbele ya wilaya nzima. Yustina hakuonekana hata kushtuka. Aliongea bila kugeuka, kama anavyoongea na wasaidizi wake wodini.

"Sauti za juu ndo zinatangulia kumpotea. Tekla, nipe ya kwako. Naijua yote, nimeisikia mwaka mzima."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu nota moja. Hata ngoma inaweza. Kasian, funga mkanda wako. Ushuke, ukae vitufe vya chini, usiguse huko juu."

"Haijaandikwa hivyo," alisema Kasian.

"Imeandikwa vyovyote."

Nilikwenda kwa mama mmoja wa kikundi kilichokuwa jirani, nikamwomba ngoma yao kubwa. Hakuniuliza ya nini. Alinipa tu, ngozi bado ya moto, akaniambia nisiilaze kwenye majani mabichi. Yustina alikuwa amevua viatu, amesogea karibu kabisa na benchi la Gaudensi. Mwenyekiti alipoiona ngoma aliegemea kiti chake kwa faraja. "Eee," alisema. "Sasa."

Yustina alianza. Sauti moja, nzito, kutoka kifuani. Nilimwona Gaudensi akiinua kichwa. Kasian alijibu kutoka chini, kwa sauti ya kodiani ambayo harusini huwa haitumiki, na mimi nikagonga ngoma mara moja, nikanyamaza, nikasikiliza. Ulikuwa muziki uleule, na haukuwa uleule. Ulikuwa umeshuka kutoka juu ya miti ukaja kukaa chini na watu. Gaudensi alifumba macho. Kila nilipogonga, kidevu chake kilisogea. Tulipofika pale, Kasian alinyamaza, mimi nikanyamaza, na Yustina akapanda peke yake, hatua kwa hatua, kwa koo lile ambalo wageni walilidhania la mwanamume, akiwa hatua moja tu kutoka kwa mtu ambaye alikuwa akimchoma sindano asubuhi, na jioni akiyaficha machozi yake kwa kelele za sufuria. Nilingoja mkono wa Gaudensi unyanyuke kumwita aingie. Haukunyanyuka. Kichwa chake kilikuwa kinapanda naye, kidogo kidogo, mpaka juu kabisa, na kiliposhuka tulishuka wote, Yustina, Kasian na mimi, mpaka ile so ya mwisho, ambayo niliigonga kwa kiganja kitupu.

Makofi yalikuwepo, ya adabu. Mwenyekiti alisema hii ya pili imekaa vizuri, ila mwakani tutie maneno ili wananchi waelewe. Hatukupewa nafasi yoyote. Kasian aliondoka mbio na kodiani mgongoni kwa sababu treni ilikuwa kweli. Mimi niliirudisha ngoma kwa yule mama, nikamshukuru, na niliporudi Gaudensi alikuwa amesimama mbele ya Yustina, anatafuta pa kuweka mikono yake. Viziwi hawajui kipimo cha sauti zao. Alizungumza kwa nguvu, benchi zima likageuka.

"Kesho asubuhi nakuja unichome."

Yustina alikuwa ameinama anavaa viatu. Alimaliza cha kushoto, akamaliza cha kulia, akajifuta uso kwa pindo la khanga, kisha akasimama na kumsogelea sikioni.

"Uje mapema," alisema. "Kuna foleni."